Risala ya Kikundi cha Wanawake Waanika Dagaa wa Mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya na Lishe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mganga Mkuu na Afisa Lishe. Mwenyekiti wa Mtaa. Masheikh na wachungaji. Kina baba wavuvi na kina mama wenzetu: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Nawe mgeni rasmi tunakushukuru kwa kukubali kuketi nasi kwenye harufu ya dagaa. Harufu hii ndiyo inayolipa sare na madaftari ya watoto wetu, kwa hiyo hatutaiombea radhi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkoa wetu haukosi chakula. Ziwa Tanganyika linatupa dagaa na migebuka, Kasulu na Kibondo wanalima maharage, michikichi inatupa mawese, na Uvinza wanatengeneza chumvi tangu enzi za mababu. Hata hivyo, pita hapa mwaloni saa ya mchana utamkuta mtoto anamegea ugali wa muhogo kwenye mchuzi mtupu, dagaa wenyewe wamekwisha panda gari kwenda Dar es Salaam. Kitaifa, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Na mtoto aliyedumaa hana homa wala upele wa kumshtua mzazi. Anacheza na wenzake kama kawaida, mpaka yapite maradhi ya kuhara: mwenzake anapona nyumbani, yeye analazwa. Akitoka wodini uzito umeshuka na hamu ya kula imekwisha, na malaria ikija inamkuta na damu ndogo.

Ndiyo maana tumeamua kuanzia jikoni. Mawese mekundu yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ile ile iliyomo kwenye matone wanayopewa watoto kila baada ya miezi sita, inayolinda macho na kusaidia mwili kupambana na surua na kuhara. Lakini wengi wetu tunayabandika mawese motoni na kuyaacha mpaka moshi utande jiko zima na wekundu wote upotee, eti yafanane na mafuta ya dukani. Wekundu ule ndio tuliokuwa tunautafuta! Leo kwenye banda la mapishi tumepika matembele kwa mawese yaliyopata moto kidogo tu.

Chumvi nayo iwe yenye madini joto, ifunikwe, na itiwe chunguni chakula kikikaribia kuiva. Ikikaa wazi juani, madini hayo hupungua, nayo ndiyo yanayozuia rovu, ule uvimbe wa shingoni, na kulinda akili ya mtoto aliye tumboni.

Kuhusu dagaa, hapo tunajisema wenyewe. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anatoa protini na madini ya mifupa kwa pamoja. Mtoto akitimiza miezi sita, dagaa waliooshwa, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa mpaka wawe unga laini, wanatosha kuubadilisha uji wake. Ila wakianikwa chini, wanaokota mchanga na kinyesi cha kuku, na hapo tunampa mtoto kuhara kule kule tulikokuwa tunakukimbia. Wanaokauka juu ya kichanja, ile meza ya miti iliyoinuliwa, ni wasafi na wanakaa. Ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane, waliokuwa na akiba ya kichanja ndio walioendelea kuonja mboga ya ziwa.

Lipo jambo zito zaidi, na tunalisema mbele ya viongozi wa dini makusudi. Mtoto akikonda, nywele zikapauka na miguu ikavimba, majirani husema wazazi wamembemenda, yaani wamemdhuru kwa kuvunja miiko ya tendo la ndoa akiwa bado ananyonya. Mama anaona aibu, anamficha ndani, anahangaika na dawa za kuogeshea. Huo ni utapiamlo mkali, na matibabu yake yapo kwenye vituo vya afya: maziwa maalumu na chakula dawa. Wanakikundi wenzetu ambao ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanatembea na tepe ya kupimia mkono. Ikiangukia kwenye nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo. Bonyezeni pia nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, apelekwe hata kama tepe inasoma kijani. Masheikh na wachungaji, mkilisema hili msikitini na kanisani litafika mbali kuliko sauti zetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, risala nyingi hufikia hapa zikaomba gari. Sisi hatuombi gari. Tunaomba nyavu za waya na mbao za vichanja. Tunaomba maji ya bomba na choo hapa mwaloni, maana kipindupindu kilichozuka kijijini Kagunga, mkoani kwetu, mwaka 2015 hatujakisahau. Na kwa kuwa kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, tunaomba tusomewe kwenye mkutano wa mtaa fedha hiyo imetoka kiasi gani na imefanya nini. Kina baba nao tunawaomba kitu kimoja: kabla ndoo hazijapimwa kwa mnunuzi, sahani ya nyumbani itoke kwanza.

Baada ya hapa tunakukaribisha kwenye banda la mapishi. Uji wa dagaa una foleni, na kina mama wameshaapa kwamba hata mgeni rasmi hatapita mbele ya watoto.

Tunaomba kuwasilisha.