Kabla Feisal hajailipia hiyo biti

Mombasa, Jumapili

Ndugu yangu Swaleh,

Asalaam aleikum. Natumai hujambo huko Doha na kazi inakwenda. Huku sote wazima. Mama presha imeshuka, na Mzee Kombo bado anadai ulimuahidi saa ya mkononi, kila tukionana ananiuliza utakuja lini. Hayo tutayazungumza siku yake.

Kilichonikalisha kuandika ni Feisal. Nimeusikiliza ujumbe wako mpaka mwisho, nikaona jambo hili halifai simu inayokatika kila dakika. Kijana anataka umtumie shilingi 60,000 anunue biti, yaani ala zilizotengenezwa tayari za kuimbia, kwa prodyuza wa ng'ambo, ngoma iwe mtandaoni kabla ya Ramadhani, na chuo akiweke kando. Hoja yake ni Lil Nas X, yule rapa wa Marekani: alinunua biti kwa dola 30 akatoka na wimbo ulioshika dunia nzima. Ni kweli. Lakini Feisal amekamata nusu ya habari, na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayowatia vijana wetu hasara.

Huyo bwana jina lake Montero Lamar Hill, kazaliwa Georgia, Marekani, Aprili 1999. Chuo kikuu alisoma mwaka mmoja akaacha, na najua hapo Feisal anafurahi. Basi amalizie: baada ya kuacha aliishi kwa dada yake akiwa hana pesa, na kanda yake ya 2018, Nasarati, haikumfikisha popote. Alichokuwa nacho ni Twitter. Alikuwa ameendesha akaunti ya mashabiki wa rapa Nicki Minaj, akajifunza humo kichekesho gani kinasambaa na kwa nini. Ufundi huo aliujenga kabla hajawa na wimbo wa kuusukuma.

Biti yenyewe ilikuwa ya kijana wa Uholanzi anayejiita YoungKio, ikiuzwa kwenye BeatStars, soko la biti la mtandaoni. Dola 30, kwa bei ya leo kama shilingi 3,900. Akaenda studio ya CinCoYo pale Atlanta siku ya Jumanne, maana Jumanne walikuwa wakitoza dola 20. Hakumaliza saa, "Old Town Road" ikawa tayari, na tarehe 3 Desemba 2018 akaitoa. Jumla dola 50. Hiyo ndiyo hesabu anayoiimba Feisal.

Sasa nisikilize hapa, Swaleh, maana ndipo penyewe. Weka wimbo ule, usikilize ala peke yake, sauti yake isahau. Kuna banjo inayojirudia tangu mwanzo. YoungKio hakuipiga. Aliikata kutoka "34 Ghosts IV", muziki usio na maneno wa bendi ya Nine Inch Nails uliotoka 2008. Albamu yenye muziki huo waliitoa kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu kuichezea na kuibadilisha, kwa masharti: awataje wenyewe, asifanye biashara, na atakachokitengeneza akitoe kwa masharti yayo hayo. Kuuza biti ni biashara. Kwa hivyo Lil Nas X alilipa pesa yake kihalali, na bado akawa amebeba mali ya watu ambao hawajaulizwa.

Mambo yaliisha salama kwa kuwa Machi 2019 alisaini na Columbia, lebo yenye mawakili wa kwenda kuzungumza na upande wa pili, na kwa kuwa Trent Reznor na Atticus Ross, wenyewe wa Nine Inch Nails, waliridhia. Wakaandikwa miongoni mwa watunzi na maprodyuza wa wimbo, yaani mapato nao wana fungu. Feisal hana Columbia. Ngoma yake ikiwa na kipande cha mtu, mwenyewe anaweza kuomba iondolewe, au aiache ikae na pesa ya matangazo ielekezwe kwake. Ngoma ikilala hakuna anayejisumbua kuitafuta, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika kwamba hakuna tatizo. Linakuja siku ngoma ikishika, na siku hiyo huna tena nguvu ya kupatana bei.

Na hata alipokwisha kupata jina hakusalimika na jambo hili. "Panini", aliyoitoa mwaka huohuo wa 2019, mahadhi yake yanafanana na "In Bloom" ya bendi ya Nirvana, na mwimbaji wao Kurt Cobain kaandikwa mtunzi mwenza, ilhali alifariki 1994. Kufa hakufuti haki. Hapa kwetu sheria inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Nakutajia hili kwa sababu Feisal alimwambia Bakari kwamba ngoma ya pili ataikata kutoka taarabu ya zamani, zile sahani za lebo za Mzuri au Mbwana Radio Service. Wazo zuri, na mimi ningependa sana kulisikia. Lakini zile nyimbo zina wenyewe, na warithi wao tunaswali nao. Aende abishe hodi kwanza, waandikiane.

Turudi kwenye biti. Nimeuona mkataba aliotumiwa, kwa picha ya simu. Juu umeandikwa kwamba ni wa kipekee, na ndiyo sababu ya bei hiyo. Mwambie asome mpaka ukurasa wa mwisho. Biti ya kukodi ni nyumba ya kupanga: unakaa, lakini mwenye nyumba ni yule yule, na vyumba vingine vina wapangaji. Mkataba wa kukodi huweka kikomo, mfano mwisho kusikilizwa mara 50,000 au 500,000, au miaka miwili, kisha ulipe upya. Wa kipekee unamzuia prodyuza kuiuza tena kuanzia siku hiyo, ila waliokodi kabla yako wanabaki na haki zao. Kama watu ishirini washaikodi, Feisal atakuwa wa ishirini na moja, tofauti ni kwamba yeye kalipa zaidi.

Na kipekee hakumaanishi sampuli, yaani vipande vya rekodi za watu, zimelipiwa. Katika mkataba wake kuna kifungu karibu na sahihi kinachosema ruhusa ya sampuli yoyote iliyomo ni jukumu la mnunuzi. Kifungu hicho ni cha kawaida, nimekiona katika mikataba mingi. Maana yake prodyuza amenawa mikono. Kabla shilingi haijatoka, Feisal amwandikie kwa barua pepe, asiandike kwenye Instagram ambako ujumbe unafutika, amuulize waziwazi: kila ala humu umeipiga mwenyewe? Kuna kipande cha rekodi ya mtu? Kuna lupu, kipande cha kujirudia, uliyoipakua, na leseni yake iko wapi? Majibu ayahifadhi. Mtu akizungukazunguka, aachane naye.

Kosa jingine ni hili. Wasambazaji wa muziki, wanaoupeleka wimbo Spotify na kwingineko, hukuuliza kama unataka wimbo uingizwe kwenye Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua wimbo wako kwenye video za wengine na kuudai. Kijana anaona ni njia ya pesa, anakubali. Biti ikiwa ya kukodi, mfumo unaisikia biti ile ile kwenye nyimbo za wapangaji wengine, unawadai wote, nao wanalalamika. Msambazaji anaweza kuifunga akaunti, na mapato yaliyomo yakazuiwa. Kwa biti ya kukodi jibu ni hapana. Na yeye akidaiwa na mpangaji mwenzake, anajibu kwa kuonyesha leseni, kwa hivyo jina lililo kwenye leseni lilingane na jina alilosajili kwa msambazaji. Akinunua kwa kadi ya rafiki, leseni ikatoka kwa jina la rafiki, ataanza kujieleza. M-Pesa GlobalPay, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, inatosha, atumie laini yake mwenyewe.

Ushauri wangu, na nimeufikiria: 60,000 usitume. Kama lazima ajaribu, akodi biti ya faili ya WAV, kila ala na faili yake ili miksi iwe na nafasi, asizidishe dola 60. Au bora zaidi aketi na prodyuza wa hapa waitengeneze tangu mwanzo. Ngoma za chakacha zipigwe na wapigaji wenyewe mbele ya maiki, walipwe, watie sahihi. Siku hiyo hiyo, kabla ya kutoka studio, waandike karatasi ya mgao: nani katunga maneno, nani biti, asilimia zikijumlishwa zifike 100, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho. Karatasi hiyo isipoandikwa siku ile, haiandikwi tena kwa amani.

Lil Nas X mwenyewe alipopata uwezo alikwenda kukaa chumba kimoja na maprodyuza. "Panini", kisha "Montero" na "Industry Baby" za 2021, zote maprodyuza wa Take a Daytrip wamo.

Kuhusu kuusukuma wimbo, hapo Feisal ana cha kujifunza kwa Lil Nas X kuliko hata kwenye biti. Wimbo ulikuwa na dakika 1 na sekunde 53, mtu anaurudia kabla hajauchoka. Wiki kwa wiki alitengeneza vichekesho vya Twitter, kila kimoja na kipande cha wimbo ndani yake, ndipo TikTok ikaudaka: watu wanakunywa juisi ya uongo, biti inapodondoka wanageuka kuwa wachunga ng'ombe. Ile sehemu ya kugeuka ilikuwemo ndani ya wimbo, mahali pake hasa. Feisal naye atafute sekunde zake 15 kabla hajarekodi, na akipakia wimbo TikTok aweke mwanzo wa klipu hapo, maana asipochagua mfumo utachagua wenyewe na mara nyingi unakamata utangulizi.

Halafu fomu ya msambazaji. Lil Nas X aliuandikisha wimbo kuwa wa kantri, ambako ushindani ulikuwa mdogo kuliko kwenye rapu. Machi 2019 ukaingia chati ya kantri ya Billboard nafasi ya 19, kisha wakautoa wakisema hauna ukantri wa kutosha. Kelele zilizozuka zikaupaisha. Aprili 5 akatoa rimiksi na Billy Ray Cyrus, mwimbaji wa kantri, halafu rimiksi nyingine na nyingine, na kwenye chati kuu zote zilihesabiwa pamoja na wimbo wa asili. Ndivyo ulivyokaa namba moja wiki 19, wakati rekodi ya awali ilikuwa 16, na Januari 2020 akabeba Grammy mbili. Kwa hivyo Feisal asijaze fomu kwa haraka. Jalada pikseli 3,000 kwa 3,000, bila nembo za kampuni. Wimbo aupeleke wiki tatu au nne kabla ya tarehe ya kutoka, kwa sababu Spotify wanataka angalau siku 7 kuufikiria kwa orodha zao. Namba ya ISRC, inayoitambulisha rekodi yake, aiandike mahali. Akihama msambazaji, asipoitumia ile ile anaweza kuanza kuhesabiwa upya. Na ajue kwamba tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa miezi 12.

Hapa nyumbani asajili kazi yake KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Haki anayo tangu alipourekodi, lakini cheti kinasaidia pakizuka ubishi. Utunzi una chama chake cha kukusanya mirabaha na uimbaji una chake, wengi wanajiandikisha kimoja wakadhani wamemaliza. Na Skiza, ile huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia anayekupigia simu, asiipuuze: tangu sheria ya 2022, fungu la msanii halishuki chini ya asilimia 52.

Chuo asiache, Swaleh. Kurekodi ni kazi ya jioni na Jumamosi, na huko kusambaza kunafanyika kwa simu. Sioni kinachomtaka atoke darasani. Kijana ana sikio, na mashairi yake yamekaa. Ile aliyoighani harusini kwa akina Mama Rukia, mistari ya katikati kuhusu feri, hakuna aliyezungumza mpaka alipomaliza. Ndiyo maana sitaki aanze na deni.

Sasa nijibu haya. Huyo prodyuza umezungumza naye wewe, au ni Feisal peke yake? Ameshalipwa chochote, hata kishika nafasi? Mkataba umeshatiwa sahihi au bado ni rasimu? Ada ya muhula huu imelipwa, au hiyo 60,000 ndiyo ada yenyewe? Utakubali nimchukue Jumamosi nimkutanishe na yule fundi wa Tudor, wapige mahesabu pamoja? Na mama anajua lolote, au nikienda kumjulia hali nifunge mdomo? Nijibu kabla ya Alhamisi, maana ameniambia bei ya prodyuza inapanda Ijumaa, na mimi bei za namna hiyo siziamini.

Nduguyo,
Mbarak