Madereva, ondoeni mawe yenu barabarani: wengine tunatembea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaombe madereva wa malori waondoe mawe wanayotia nyuma ya matairi na kuyaacha barabarani; lakini kwanza nieleze kwa nini yananihusu. Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani kati ya Korogwe na Mombo. Kijana mstaarabu, rika la mwanangu wa mwisho. Akanipa shikamoo, akaangalia leseni, akaangalia bima, akaizunguka pikipiki mara moja, kisha akauliza, "Mama, unakwenda wapi?" Nikamwambia natembea. "Unakwenda kumtembelea nani?" Simtembelei mtu, baba. Napanda Lushoto, nikifika nanywa chai, halafu narudi. Akanyamaza kidogo. "Na pikipiki, mama?" Ndiyo, na pikipiki. Akanirudishia leseni kwa mikono miwili, akaniambia niende polepole.

Sikuchukia hata kidogo. Ila swali lake nimekuwa nalo wiki nzima. Mtu akipanda basi kwenda kushinda kwa dada yake, tunasema katembea. Akizunguka mtaani jioni kupunga upepo, katembea. Pikipiki peke yake ndiyo imenyimwa neno hilo. Kwetu lazima iwe imebeba kitu: abiria, gunia la mkaa, kreti za soda, mgonjwa. Ikionekana imebeba mtu mmoja mwenye furaha yake, watu wanahisi kuna jambo haliko sawa.

Mimi ni mkunga mstaafu, nina miaka 63. Nilianza kuendesha mwaka 1988, nikiwa muuguzi kijana katika zahanati moja huko milimani Usambara. Enzi hizo, zamani sana kabla ya kanuni za mwaka 2010 zilizowaruhusu bodaboda kubeba abiria kwa leseni, pikipiki ikisikika kwa mbali kijiji kizima kilijua ni nani anakuja: bwana shamba, padri, au sisi watu wa afya. Mradi ulituletea Honda XL 125 moja. Muuguzi wa kiume aliyekusudiwa kuiendesha alihamishwa kabla hajajifunza, ufunguo ukabaki mezani kwa mganga mfawidhi. Nikauomba. Nilijifunzia uwanja wa shule ya msingi, watoto wa darasa la tatu wakinikimbilia nyuma na kuimba "piki, piki, piki".

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilipita njia za milima ile nikiwa na boksi la chanjo nyuma. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, na barafu haikungojei umalize kusalimiana. Nilipita mahali pazuri kuliko pote ninapopajua duniani huku nikiwaza barafu. Nilipostaafu, nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikanunua pikipiki yangu mwenyewe, Honda ya aina ileile, mtumba, nikajiahidi kuzirudia njia zote zile bila boksi.

Sasa nikueleze kutembea kwangu kulivyo, maana nadhani wengi hawajui.

Kwangu huanza Ijumaa jioni uani. Natandika gunia, nachukua spana zangu, naishika cheni. Ikicheza zaidi ya vidole viwili naivuta. Ikikaza sana nailegeza, maana cheni iliyokazwa kupita kiasi hula beringi na mwisho hukatika. Nachomoa plagi na kuitazama mdomoni. Ikiwa na rangi ya hudhurungi nafurahi, kama nilivyokuwa nafurahi kuona ulimi wa mtoto aliyepona. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa kibarazani na redio yake, ananishikia tochi. Siku hizi tochi nimeifunga kwenye tawi la mwembe.

Asubuhi baada ya swala ya alfajiri navaa suruali nzito, viatu vya kufunika vifundo, glavu, koti. Mtandio nauingiza wote ndani ya koti, usije ukanaswa na cheni. Kofia ngumu. Nafungua koki ya petroli, navuta choki, napiga kiki. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili inakohoa, ya tatu inaitika. Sauti hiyo, Ndugu Mhariri, nimeisikia mara nyingi kuliko sauti za ndugu zangu, na bado moyo hunipanda.

Ukitoka Korogwe unapita mkonge, mistari na mistari. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Miche ya kwanza ililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, kutoka Florida, na iliyopona safari ni 62 tu. Nikiwa kwenye basi mkonge ulikuwa rangi ya kijani dirishani. Kwenye pikipiki naona bua moja moja, naona mahali palipokatwa jana, na harufu yake, ile harufu kali ya majani yaliyosagwa, inaniingia puani kama nipo mlangoni kwetu nikiwa na miaka saba na baba anavua shati.

Mombo kuna joto hata asubuhi. Hapo nakata kulia kuanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi mpaka Lushoto, na katika kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000. Kwenye gari unafunga kioo, unajua tu kwamba kumepoa. Kwenye pikipiki ubaridi unakufikia kwa mafungu. Kuna mahali maji yanatiririka mwambani, ukipita shavu moja lina joto na jingine limepoa. Kwanza harufu ya vumbi, kisha udongo mbichi, kisha mikaratusi, kisha moshi wa kuni wa watu wanaopika chai. Najua nani anachoma maandazi kabla sijaiona nyumba yake.

Na kona! Nimeziendesha kwa jua, kwa ukungu, kwa matope ya masika. Mwendo unapunguza kabla ya kona, si ukiwa ndani yake. Unaweka gia ya pili. Macho unayatupa mbali, pale barabara inapofichuka, kwa kuwa pikipiki hufuata macho: ukilitazama korongo, utakwenda nalo. Mkono wa upande unaoendea unausukuma kidogo tu, kama unavyosukuma mlango usiofungwa, na pikipiki inalala yenyewe. Halafu unafungua mafuta taratibu, inainuka. Inalala huku, inainuka, inalala kule. Nikishafanya hivyo mara kumi mfululizo bila kugusa breki, nakuta naimba ndani ya kofia.

Soni, mji mdogo wa njiani kabla ya Lushoto, nasimama. Nanunua mapeasi kwa watoto wanaoyapanga kwenye bakuli, nasikiliza maporomoko, nasalimiana na wazee kwa Kishambaa. "Onga maundo." Wananijua wote, wengine watoto wao niliwapokea kwa mikono hii. Lushoto chai ya tangawizi na chapati mbili, kisha siku nikiwa na nguvu napanda mpaka Magamba. Huko injini inachoka kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi na petroli inazidi, hata plagi hurudi nyeusi. Siilazimishi. Naishusha gia, tunakwenda wote wawili kizee, msituni, mbega wakiruka juu ya barabara.

Ndiyo maana nimeandika habari ya mawe.

Kila anayepita barabara za milimani anayajua. Lori likizima mpandoni, utingo anaruka, anatia jiwe nyuma ya tairi lisirudi. Anakata matawi, anayapanga nyuma kuwaonya wanaokuja. Hilo ni jambo la busara na limeokoa maisha ya watu, siligombi. Fundi anakuja, lori linapona, dereva anawasha, utingo anadandia, wanakwenda zao. Jiwe linabaki. Mara nyingi linabaki kwenye kona, kwa kuwa ni konani ndiko malori huzidiwa. Kwa gari la matairi kumi jiwe lile si kitu. Kwa magurudumu mawili, usiku au kwenye ukungu, ni ukuta.

Langu nililikuta Julai mwaka 2009, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikishuka kurudi nyumbani. Jiwe la ukubwa wa sufuria ya kupikia ubwabwa wa watu wanne, lina alama nyeusi ya mpira wa tairi upande mmoja. Alama hiyo naikumbuka kwa sababu nililala nayo uso kwa uso. Nilipoweka vidole begani nilisikia mwenyewe mtulinga umekatika. Wanawake watatu waliokuwa wametoka kuni walitua mizigo yao. Mmoja akavua kanga yake ya pili, nikamwelekeza apitishe wapi na afunge wapi, akanifunga mkono kifuani vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Mwingine alilisukuma jiwe kwa mguu mpaka mtaroni, huku akimlaani aliyeliacha. Kanga ile nilimrudishia na doti nzima juu yake.

Jumamosi iliyopita, kati ya Mombo na Soni peke yake, nilihesabu mawe 9. Sita niliyaondoa mwenyewe pale palipokuwa na nafasi ya kuegesha salama. Matatu yalikuwa konani, sikuthubutu kusimama.

Najua kuna watakaosema, kama alivyoandika msomaji mmoja hapa mwezi uliopita, kwamba pikipiki ni jeneza la magurudumu mawili, kwa hiyo jiwe au si jiwe mwisho ni uleule. Ndugu yangu yule simbishii kuhusu majeraha. Nimeyashona. Ila nimewauliza mamia ya vijana niliowashona: nani alikufundisha? Wengi hawakufundishwa na mtu. Kijana ananunuliwa pikipiki Jumatatu, Jumanne ana abiria wawili nyuma. Haambiwi kwamba breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu ukisimama uzito wote unakimbilia mbele. Anaiogopa, anakanyaga ya nyuma tu, tairi linateleza. Akishuka kutoka Lushoto anazima injini, anateremka frii kuokoa petroli ya shilingi mia chache, na hapo ameitupa breki kubwa kuliko zote, yaani injini yenyewe. Breki za nyuma zinachemka, zinakuwa laini kama sabuni, na kona zinazidi kuja. Mteremko unashuka na gia uliyopandia. Hilo nililifundishwa na bwana shamba mmoja mwaka 1988, nami nawafundisha vijana wa kijiweni kwetu kila Jumapili alasiri, bure, uwanja wa shule. Tunapanga makopo ya rangi, wanayazunguka polepole, maana kwenda polepole bila kuweka mguu chini ndiyo kazi ngumu.

Mmoja wao ni binti wa miaka 22. Mama yake alikuja kwangu na wasiwasi, si wa ajali, bali wa maneno ya watu. Nikamsimulia habari niliyosomewa na binti yangu: Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili wa Kiingereza, walitoka London Desemba 1934 na pikipiki moja ya Panther yenye kigari pembeni, wakavuka Sahara, wakapita Tanganyika hii hii, wakafika Cape Town Julai 1935. Mama akaniuliza, "Walikuwa wanakwenda kwa nani?" Nikamwambia, walikuwa wanatembea. Jumapili iliyofuata alikuja na kigoda chake, akakaa chini ya mti kumtazama mwanawe akizunguka makopo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni moja. Gazeti lako linasomwa na madereva; nimeliona mwenyewe limekunjwa juu ya dashibodi za malori pale Mombo wanaposimama kula. Chapa barua hii. Dereva, lori lako likipona, kabla hujaweka gia mwambie utingo wako arudi nyuma alichukue jiwe na matawi. Ni dakika moja. Kama jiwe ni zuri na limekufaa, liweke garini uende nalo, litakusaidia mpando mwingine. Utingo, wewe kijana ndiye uliyelibeba, unajua uzito wake.

Jumamosi ijayo nakusudia kufika Mtae, juu kabisa ukingoni, mahali unaposimama na kuiona nyika yote ya Mkomazi chini ya miguu yako. Nimepaona mara moja tu, nikiwa na boksi, sikuweza kukaa hata robo saa. Safari hii nachukua chupa ya chai. Nitapita mapema, na nitaangalia kama lile jiwe la kona ya tatu juu ya Mombo, lenye chokaa upande mmoja, bado lipo.

Wako,
Mkunga Mstaafu,
Korogwe, Tanga