Mwezi hauandami kwa imani ya mtu

Mhariri,

Kila Ramadhani inapokaribia kuingia au kuisha, hapa Mombasa huzuka mjadala wa mwezi mwandamo, na ndani yake husikika kauli ambayo naomba nafasi niipinge: kwamba kila mtu ana ukweli wake. Wanaoisema hutafuta suluhu, na nia hiyo naiheshimu, kwa kuwa nyumba mbili za mtaa mmoja zinaposwali Idd siku tofauti, majirani huingiwa na unyonge. Hata hivyo, tukikubali kwamba ukweli ni kile anachokiamini kila mmoja, hatutakuwa tena na njia ya kumaliza khitilafu yoyote.

Yanachanganywa maswali mawili: je, mwezi umeonekana? Na je, tufuate mwandamo wa wapi?

Jioni ya siku ya 29 ya mwezi wa Kiislamu, watu wa Mji wa Kale hupanda juu ya maghorofa na kuelekeza macho magharibi, upande wa Changamwe, kwani mwezi mchanga hutafutwa jua linakotua, wala si baharini. Mawingu ya bara yakitanda, hauonekani hata kama upo. Na ikiwa jioni hiyo mwezi umetangulia kutua kabla ya jua, hakuna atakayeuona baada ya magharibi, hata awe mchamungu kiasi gani. Anayeapa kwamba ameuona huenda ni mwaminifu kabisa, lakini alichokiona ni kitu kingine, pengine kijiwingu chembamba kilichoangaziwa na jua lililozama. Imani yake haikuuleta mwezi angani. Wavuvi wetu wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: bamvua, yaani maji makuu ya bahari, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nayo haimngoji anayeamini vingine.

Swali la pili, la kufuata mwandamo wa wapi, ni la fikihi, yaani sheria ya dini, na hapo wanazuoni wana nafasi ya kutofautiana. Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kisa cha Kuraib, aliyeuona mwezi wa Ramadhani akiwa Sham (eneo la Syria) usiku wa kuamkia Ijumaa, kisha akarejea Madina mwishoni mwa mwezi na kumkuta Abdallah bin Abbas, sahaba wa Mtume, akihesabu tangu usiku wa kuamkia Jumamosi. Kuraib aliuliza kama hautoshi mwandamo wa Muawiya, mtawala aliyekuwa Sham, naye Ibn Abbas akajibu kwamba hautoshi, na kwamba ndivyo Mtume alivyowaamuru. Naomba wasomaji watazame kile ambacho Ibn Abbas hakukisema. Hakumwambia Kuraib kwamba amesema uongo, wala hakumwambia kwamba watu wa Sham wana ukweli wao na watu wa Madina wana wao. Kwamba mwezi ulionekana Sham usiku ule ni kweli kwa aliye Sham, kwa aliye Madina na kwetu sisi tulio Mombasa. Kilichobishaniwa ni hukumu inayofuata baada ya hapo. Kutaja mahali na wakati huukamilisha ukweli, hakuugeuzi kuwa maoni.

Wapo watakaosema kwamba binadamu hukosea, na kwa hiyo hakuna ukweli ulio juu ya wote. Mimi naona kinyume chake. Mtu hawezi kukosea ila pawepo jambo lililo sahihi ambalo amelikosa. Imani ingekuwa ndiyo inayoufanya ukweli, asingekosea yeyote, na kazi ya mahakimu, madaktari na nyinyi waandishi wa habari isingekuwa na maana.

Ombi langu ni kwamba mjadala ujao uanze na swali la kwanza, kwa utaratibu wa kumhoji shahidi kwa upole: ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, uliuona upande gani wa mahali lilipozama jua, pembe zake zilielekea wapi, na nani alikuwa nawe? Shahidi anayeulizwa hivyo hajavunjiwa heshima, na majibu yake yanaweza kupimwa na kila mtu, awe anafuata mwandamo wa hapa au wa Makka.

Msomaji wako,
Mombasa