Mdogo wangu, hizo picha za mtoto zitoe kwenye simu

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hadharani maana inboksi unajibu emoji ya kucheka halafu basi. Nimeangalia stetasi yako, mtoto anakula uji, mtoto kamwaga uji, mtoto kalala uji ungali shavuni, zote nzuri na zote kesho muda kama huu hazipo.

Bibi yetu ana picha moja tu ya utotoni. Alipigwa Unguja, pale Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, ile aliyoifungua mzee Ranchhod Oza mwaka 1930. Kasimama kakunja uso kama anadaiwa, na viatu si vyake, kaazima kwa binamu yake, na haya yote tunayajua kwa sababu kila mgeni akija bibi anaitoa na kuanza kusimulia upya.

Sisi ndo zama za mkanda wa kamera. Idi unaikumbuka? Magauni ya jora moja, poda mpaka kwenye nyusi, tunapangwa kwa urefu mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, maua ya plastiki pembeni, mpiga picha anasema msipepese. Mkanda wenyewe picha 36 kwa hiyo hapotezi hata moja, tena haupeleki kusafishwa mpaka uishe, ndo maana picha za Idi Ndogo tulikuwa tunaziona Idi Kubwa imeshakaribia. Ukikuta umefumba macho ndo imetoka hiyo, inaingia kwenye albamu hivyohivyo. Ile yako ya kamasi mama aligoma kuitoa, na wageni walikuwa wanaiulizia hiyohiyo.

Sasa wa kwako akifumba macho unafuta, akilia unafuta, yani huyo mtoto akikua atadhani hajawahi kulia. Halafu wewe mwenyewe hata picha moja humo! Mkono tu ndo unaonekana umeshika kijiko. Zamani mpiga picha alikuwa mtu baki, kwa hiyo mama anakaa kitini kampakata mwanae. Siku hizi mama ndo mpiga picha.

Sisemi zamani kulikuwa raha tupu, wapo waliomlipa mpiga picha wa mtaani advansi na hawakumuona tena. Lakini simu yako ilivyochomolewa kwenye daladala picha za miezi yake ya mwanzo si ndo zilienda nayo? Na zile ulizonitumia WhatsApp nilivyoziprinti zimetoka na ukungu, maana inazipunguza ukubwa. Siku nyingine tuma kama dokumenti, zinafika zilivyo.

We chagua chache tu, hata ya kulia iwemo, ziprinti, nyuma andika tarehe, ni wapi na nani wamo. Na Idi hii simu mpe shemeji apige yeye, wewe kaa mkekani na mwanao. Akikata vichwa basi, tutajua tu ni nyie.

Dada yako