Umewahesabu au umewakumbuka?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi hatujambo. Nyanya yako anakusalimu, mguu wake umeanza kupata nafuu na sasa anatembea hadi kwenye mti wa parachichi kugombana na kuku.

Juzi kwenye simu uliniuliza, huku ukicheka, "Mama, unashinda ziwani ukihesabu ndege, unalipwa ngapi?" Nikasema silipwi. Ukacheka zaidi, kisha salio likaisha. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hutanikatiza.

Unamkumbuka yule mteja wangu wa maharagwe, mwalimu mstaafu aliyekuja sokoni na darubini shingoni. Nilidhani ni mtu wa kujionyesha. Januari moja alikuja na shida: watu wake hawatoshi. Hesabu ya ndege wa majini hufanywa kila Januari tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Watu wa Makumbusho ya Kitaifa, wa shirika la wanyamapori na wanachama wa Nature Kenya hugawana ufuo, kila kundi na kipande chake, na wote huanza asubuhi moja ili ndege anayehama upande asihesabiwe mara mbili. Nilienda kwa udadisi tu. Nimezaliwa hapa Nakuru, na sikuwa nimewahi kuingia ndani ya ile mbuga hata siku moja!

Ndege elfu huwezi kuwahesabu kwa kidole. Unahesabu kumi, unatazama hao kumi wanakaa nafasi gani, unaikuza iwe ya mia, kisha ile mia unaitembeza juu ya kundi zima. Wenzangu wapya walihangaika mpaka saa sita. Mimi nilisema, hii si gorogoro, lile kopo letu la kupimia nafaka? Mtu aliyeuza mahindi miaka yote hii akiangalia gunia la kilo 90 anaona gorogoro 45 zimelala mle ndani, hahitaji kulimwaga. Mwalimu alicheka sana, na tangu siku hiyo makundi makubwa ni yangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuwahi kukwambia.

Ulipokuwa mdogo ziwa lilikuwa la waridi. Ulikuwa ukiliona kutoka kwenye matatu unapiga kelele. Flamingo (mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka tuwaite heroe, hakuna aliyemsikiliza) hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Kuanzia kama 2010 maji yakapanda mwaka baada ya mwaka, yakameza lango la zamani la mbuga, yakaingia kwenye nyumba za watu Mwariki na Barut. Magadi yakachujuka, mwani ukapungua, na flamingo wengi wakahamia Ziwa Bogoria, ambako chakula chao kilikuwa bado kipo.

Basi mwaka mmoja wa maji mengi nikapewa kipande ambacho zamani kilikuwa kimejaa. Nilisubiri, nikazungusha darubini, nikapata flamingo 38. Nilihisi aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza. Nikajiambia labda wengine wako nyuma ya ile miti iliyokufa majini, nikaandika 300. Mwalimu alichukua daftari, akatazama ufuo, akatazama daftari. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Umewahesabu, au umewakumbuka?"

Nikaikata ile 300 nikaandika 38. Lile karatasi nililikunja nikaliweka kwenye Biblia, hata leo limo. Wewe unayeshika vitabu vya duka la watu huko Kisumu sina haja ya kukueleza zaidi.

Tena 38 zile ndizo zilizonifanya nianze kuuliza maswali. Mwari je, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo? Mwari hali mwani, anataka samaki, na samaki wa kwanza kukaa ziwa hili waliletwa kutoka Ziwa Magadi kabla sijazaliwa, ili wale viluwiluwi vya mbu. Mtu alikuwa anafikiria mbu, akatuletea mwari.

Nyanya yako anasema haya ni mambo ya wazungu. Hajakosea sana. Chama chenyewe, Nature Kenya, kilianzishwa 1909, wakati wa ukoloni, na waanzilishi hao ndio waliofungua makumbusho Nairobi mwaka uliofuata. Wakati huo mtu kama mimi angeitwa kubeba masanduku ya vipepeo. Sasa muuza maharagwe ndiye anayeshika kalamu, na mwenye shahada husubiri nimtajie namba. Hilo linanifurahisha kuliko ninavyopaswa kukiri.

Wenzangu hawa wa ndege wana vituko vyao pia. Wanaweza kubishana saa nzima juu ya ndege wa kahawia asiye na maana yoyote, chai ikipoa. Mchango wa nauli ukiitishwa, wawili huwa wanakumbuka simu ya dharura. Lakini tulipomzika baba yako walikuja wote, na viti vyao. Wewe ulikuwa mbele, hukuona. Katikati ya maombi furukombe alilia upande wa ziwa, na wale watu, vichwa vimeinama, wakainua macho wote kwa pamoja kama watoto walioitwa. Nilicheka ndani ya leso. Shangazi zako walidhani nimezidiwa na kilio, wakanishika mabega.

Nina ombi. Unakaa Nyalenda, ufuo wa Dunga ni karibu. Kwenye mafunjo ya pale kuna ndege mwenye utosi wa manjano, kifua chekundu kama damu na mgongo mweusi. Haishi ila kwenye mafunjo, kwa hiyo yakichomwa au yakikatwa yote hana pa kwenda. Sijawahi kumwona, kwetu hakuna mafunjo ya namna hiyo. Nenda Jumamosi kabla jua halijawa kali, utafute wale vijana wa mashua wanaojua ndege. Patana bei kabla ya kupanda. Utamsikia kabla ya kumwona, kwa hiyo zima simu.

Nakutumia darubini yangu kwa parseli ya matatu, itafika Ijumaa jioni. Mkanda nimeushona upya. Ile gurudumu ya katikati imelegea, usiizungushe kwa nguvu. Ukimwona andika saa na idadi. Usipomwona andika sufuri, na saa vilevile.

Nirudishiwe kabla ya Januari.

Mama yako