Pogoeni miasumini kabla ya masika

Mhariri,

Msimu wa kaskazi unapofika ukingoni, jua kali na visima vimeshuka, Unguja na Pemba kila mtu huulizia asumini. Vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kujipamba, huadimika, na wenye harusi karibu huhangaika. Hapo ndipo wengi huimwagia maji miasumini yao asubuhi na jioni wakitaraji ichanue. Haitachanua hivyo. Asumini hutoa tumba kwenye chipukizi jipya. Maji mengi juu ya matawi makuukuu huzidisha majani tu.

Kinachotakiwa ni kupogoa, na wakati wake ni mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Machi. Punguzeni maji kwa siku kumi hivi, kisha kateni matawi kwa mkasi mkali yabaki futi moja na nusu kutoka ardhini. Yaliyokauka na yanayosuguana yaondoeni kabisa, na majani yaliyosalia yapukuteni. Mti utaonekana umekufa, tafadhali msiung'oe. Tifueni udongo kijuujuu, tieni nusu debe la samadi iliyooza vizuri, funikeni kwa makumbi ya nazi bila kugusa shina, ndipo mrudishe maji, ndoo moja kila baada ya siku mbili. Chipukizi huonekana katika wiki mbili tatu, na matumba baada ya miezi miwili hivi, mvua kubwa zikianza kupungua. Anayengoja akapogoa katikati ya masika huacha vidonda vya mti kwenye unyevu. Kuvu huingia na tawi huoza kuelekea chini. Mbolea ya yurea iacheni: mti utanenepa majani na maua hamtayaona. Kivuli nacho ni adui, kwani asumini inataka jua kwa muda wa saa sita kila siku.

Wenzetu wa Makunduchi, Micheweni na kwengine kwenye ardhi ya mawe wana tatizo lao. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Si kiu hiyo. Chokaa ya mawe huuzuia mzizi kupata madini ya chuma. Watu humwaga jivu la jikoni wakidhani wanarutubisha, na jivu huzidisha hali ile ile. Chimbeni shimo la futi mbili kila upande, jazeni udongo mwekundu na mboji, mpande humo. Na karibu na pwani onjeni maji ya kisima kabla ya kumwagia: mwisho wa kaskazi huingia chumvi, na ncha za majani huungua.

Tumba likigeuka zambarau kabla ya kufunguka, lipasueni. Mara nyingi ndani mtakuta kiwavi mdogo anayekula ua. Matumba hayo yachumeni yote myachome moto. Yakiachwa chini ya mti, wadudu hurudi. Utando mwembamba chini ya majani ni wa utitiri, mdudu mdogo sana anayependa ukavu. Mwosheni kwa maji ya nguvu upande wa chini wa jani, asubuhi, siku tatu mfululizo.

Kuchuma nako kunaharibiwa sana. Chumeni alasiri, tumba likiwa jeupe, limevimba, bado limefumba. Litafunguka usiku likiwa kwenye kikuba au kitandani kwa bibi harusi. Lenye rangi ya kijani halitafunguka tena likishakatwa. Msiyarushie maji, maana petali hupata madoa ya kahawia. Yafungeni kwenye jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu kidogo, mahali pa baridi. Langilangi, maua ya kunukia ya kuchanganya na asumini, zichumwe alfajiri, zikiwa manjano na doa jekundu ndani. Za kijani bado hazina harufu.

Kwa wanaosakafia nyua zao mjini, tunawaomba waache walau nusu mita ya udongo wazi kila upande wa shina. Saruji ikifika hadi kwenye mti, maji hayaingii, na kupogoa hakutasaidia kitu.

Wapanda maua,
Wete, Pemba