Taa za sensa na mgonjwa aliyetulia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye majengo hapa Mwanza, hasa wanaojenga sasa katika Nyamagana na Ilemela, wasikubali kila taa ya ndani ifungwe kihisi, yaani zile tunazoziita mitaani taa za sensa, kabla ya kuuliza ni kazi gani itakayofanyika chini ya taa hiyo. Mimi ni fundi umeme, nimezifunga nyingi na riziki yangu imo humo, kwa hiyo siandiki kwa kuzichukia.

Miezi michache iliyopita nilimpeleka shangazi yangu usiku katika kituo kimoja cha afya cha hapa mjini. Muuguzi alimfunga mpira mkononi, akainama kuutafuta mshipa, nasi sote tukatulia kama watu wanavyotulia wakiiona sindano. Taa ikazimika. "Baba, hebu punga mkono hapo juu, mimi nimeshika sindano," aliniambia bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuyasema maneno hayo kwa ndugu wengi wa wagonjwa. Nikapunga, taa ikawaka, lakini mshipa ulikuwa umekwisha kupotea, na shangazi akachomwa mara ya pili.

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilimhesabu hata aliyekuwa amelala. Hizi za darini humhesabu anayetikisika tu. Kile kikombe cheupe cha plastiki kimechongwa vipande vipande, kila kimoja kikitazama sehemu yake ya chumba, na taa huwaka pale joto la mwili linapotoka sehemu moja na kuingia nyingine. Asiyesogea, hata awe amekaa katikati ya chumba, kwa kifaa hicho ni sawa na kabati. Tena mchana wa jua kali, chini ya bati lisilo na dari, hewa ya chumbani ikikaribia joto la ngozi, hata anayetembea huonekana kwa shida.

Asubuhi yake, kwa ruhusa ya muuguzi wa zamu, niliazima ngazi nikakifungua kihisi kile. Ndani mna vidude vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi, kimoja cha muda na kingine cha kiasi cha mwanga. Cha muda kilikuwa kimerudishwa mwisho kabisa, ambako taa hukaa sekunde 10 hivi. Sababu yake naijua, kwa kuwa nami nimewahi kuifanya: fundi anayejaribu taa hataki kusubiri dakika nane ajue kama itazimika, basi huweka muda mfupi kuliko wote, na akiona imewaka na kuzimika hukunja ngazi akaenda kudai chake. Kidude cha mwanga nacho kilikuwa kwenye alama ya jua, ndiyo maana taa za kituo kile zilikuwa zikiwaka saa saba mchana huku madirisha yakimwaga mwanga wa ziwani hadi sakafuni.

Ziko pia zinazotumia mawimbi ya redio badala ya joto. Hizo huona kupitia mlango wa mbao na ukuta wa jipsamu, na wenye nyumba za wageni waliozifunga vyumbani wanajua malalamiko yake, kwamba mpangaji wa chumba cha jirani akienda msalani usiku, taa ya mwenzake nayo huwaka.

Faida ipo, nami siifichi. Ukumbi wenye taa 10 za wati 18 zinazokesha saa 12 hula uniti 2.16 kwa usiku mmoja. Zikiwaka kwa jumla ya saa mbili tu, wakati watu wanapopita, zitakula uniti 0.36, na mwenye LUKU ataiona tofauti hiyo kabla mwezi haujaisha. Tena taa iliyozimika haiwaiti wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kuacha lundo chini ya kila balbu. Lakini hesabu hiyo ni ya ukumbi, ngazi, stoo na choo. Katika chumba ambamo muuguzi anatibu, karani anaandika au mwanafunzi anasoma, taa ingewaka muda wote huo hata hivyo, na kihisi hakiokoi ila dakika chache ambazo mtu amesahau kuzima.

Kwa hiyo naomba mambo mawili yaandikwe katika mikataba ya ufungaji. Kwanza, chumba chochote cha kazi ya kutulia kiwe na swichi ya ukutani yenye uwezo wa kuiwasha taa bila kupitia kihisi. Pili, malipo ya mwisho yasitolewe mpaka fundi arudi baada ya wiki moja, na ngazi yake, awaulize wanaokitumia chumba, kisha aweke muda huo wao wakiwa wamekaa vitini kwao.

Fundi umeme,
Nyakato, Mwanza.